Nusu ya Chenge

Kahigwa alikuwa mtu wa kugawa. Ukimkuta anakula ndizi, hata ikiwa moja, atakukatia. Ukimkuta anatafuna kahawa, hujamaliza salamu buni iko kiganjani mwako. Watu wa mtaa wao wa Igogo, Mwanza, walimpenda kwa hilo. Mkewe Adventina naye alimpenda kwa hilo, japo si kila siku, maana kuishi na mkarimu ni kazi, na kazi yenyewe humwangukia mke. Wageni wakija, mkarimu ndiye anayecheka nao sebuleni. Anayehangaikia chumvi jikoni ni mwingine.

Alikuwa mpima ardhi. Kipande cha barabara inayoingia kwenye daraja jipya la ziwani, upande wa Busisi, kilipimwa kwa jicho lake, na hukohuko ndiko ugonjwa ulikojitokeza kwanza. Alisoma namba kwenye kifaa chake, akarudia kuisoma, ikawa nyingine. Vijana aliofanya nao kazi wakadhani ni jua. Muda si mrefu mkono wa kushoto ukaanza kuangusha vitu. Hospitali ikampiga picha ya kichwa, ikaona uvimbe ndani ya ubongo, ikampasua na kuutoa, na nywele hazijaota vizuri juu ya kovu, uvimbe ukarudi. Daktari Antoni hakumficha Adventina. Alimwambia kwamba uvimbe wa aina hii una vijitawi vinavyojipenyeza katikati ya nyama nzima ya ubongo, na kisu hakiwezi kuvifuata vyote bila kumwondoa na mtu mwenyewe.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Hospitali ilikuwa imeingia kwenye utafiti pamoja na wataalamu wa nje, utafiti wa kutumia seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini mwilini, kupeleka jeni hadi ndani ya uvimbe. Adventina alisikiliza kama mtu anayesubiri mahubiri yafike kwenye amina. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na sayansi aliyosoma iliishia kwenye kutaja sehemu za ua. Kwa bahati nzuri daktari alikuwa mzaliwa wa Muleba, Mhaya kama wao, akaacha maneno ya vitabuni.

"Mama Noela, kwenu mlikuwa mnatengeneza rubisi?"

"Marehemu baba alikuwa na mtumbwi wake wa kukamulia ndizi," alisema Adventina.

"Juisi ya ndizi peke yake, mtoto akinywa atalewa?"

"Hawezi kulewa."

"Ukitia mtama?"

"Hapo inachachuka, inakuwa pombe."

"Basi dawa ndiyo hiyo. Seli zetu ndizo mtama. Tunatoboa kitundu kidogo kwenye fuvu, tunaziweka jirani na uvimbe, na zenyewe zina tabia ya kuufuata, mpaka kwenye vile vijitawi tusivyoviona. Tumezitia jeni ya kutengeneza kimeng'enya, hicho ndicho cha kuchachusha. Halafu mzee anameza vidonge. Vidonge ni juisi. Vinazunguka mwili mzima bila ugomvi na mtu, lakini vikifika palipo na mtama vinageuka sumu palepale, vinaua uvimbe. Kwingine kote vinabaki juisi."

Kahigwa, aliyekuwa amekaa pembeni ya mkewe na kofia yake ya sufu kichwani, akauliza, "Na mtu asiyewekewa mtama, akivimeza?"

"Atakojoa tu," alisema daktari, wote watatu wakacheka.

Kisha daktari akaacha kucheka. Alisema sharti ni moja. Seli zile haziishi sana kichwani, zikimaliza siku zake zinakufa. Vidonge viingie kwa kiasi kilichopangwa wakati seli zingali hai. Adventina alilishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba kisimani. Mume wake angepona au asingepona, na katikati palikuwa na vidonge, na wa kuvitoa alikuwa yeye.

Kwenye kitanda cha jirani wodini alilala Chenge, mfugaji kutoka vijiji vya ndani kule Kisesa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Naye alikuwa na uvimbe kichwani, ila wa kwake ulikaa kule chini kabisa, karibu na mahali ambapo ubongo unashikana na uti wa mgongo, na hakuna daktari aliyethubutu kupeleka sindano huko. Utafiti ulimkataa. Alipangiwa mionzi. Mkewe Evelina, mwanamke mpole wa kucheka kwa macho, alimwambia Adventina kwamba Chenge alipoambiwa hafai, aliuliza tu kama ni kwa sababu hakusoma.

Kahigwa na Chenge walipatana tangu siku ya kwanza, na upatanifu wao ulikuwa wa kutukanana.

"Nyie Wahaya wasomi, nshomile, mnaumwa hata kichwa kwa Kiingereza," Chenge alisema.

"Na wewe wanakupiga picha waone kama kuna kichwa," Kahigwa alijibu, na muuguzi Sabina akawanyamazisha kama watoto wa shule.

Siku moja kabla ya Kahigwa kuwekewa seli, walitolewa damu wote wawili. Sabina alipotoka, pamba zingali mikononi, Kahigwa akavuta chini ya mto kopo la kahawa ya kutafuna ambayo mama yake humchemshia na majani ya harufu, akaikaushia juani na kumtumia kutoka kwao Kamachumu. Akachagua moja, akaipasua ganda kwa meno. Ndani, kama ilivyo kwa kila kahawa, mlikuwa na buni mbili zimeegemeana.

"Ukitafuna hii na mimi kwa damu, ndio basi tena," alimwambia Chenge. "Kwetu tunaita kunywana. Huo sio urafiki wa kupungiana mikono barabarani."

"Hata buni mmeiwekea masharti."

"Nyie Wasukuma mnacheza ngoma na chatu shingoni, leo unaogopa buni?"

Chenge akacheka, akaondoa pamba. Kila mmoja akapaka buni yake pale sindano ilipopita, wakabadilishana. Kahigwa akasema maneno kama babu yake alivyoyasema: nikija kwako na njaa usinifukuze, nikikuomba usininyime, na atakayemla mwenzake kwa hila, buni hii imvimbie tumboni mpaka imuue. Chenge akayarudia neno kwa neno.

"Baba Noela, mchungaji akusikie," alisema Adventina.

"Mchungaji naye anatafuna."

Walicheka, na Adventina akacheka kidogo pamoja nao. Lakini aliona kwamba wakati wa kumeza hakuna aliyekuwa anacheka.

Seli ziliwekwa salama. Kahigwa alikaa wodini siku za kuangaliwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani Igogo na mfuko wa vidonge, vikubwa, vyeupe, vyenye mfereji katikati. Hakurudi peke yake. Chenge alitakiwa kwenye mionzi kila siku ya kazi, na kwenda na kurudi hadi kijijini kwake kulikuwa kunamtapisha njia nzima. Basi Kahigwa akamwambia aje akae chumba cha uani yeye na mkewe mpaka amalize. Alimwambia kwanza, mkewe akajulishwa baadaye. Adventina alinuna asubuhi moja, akaacha. Evelina alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akashika ufagio kabla hajaonyeshwa ulipo, na ikawa rahisi kuwa naye.

Vidonge vilikaa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Kila baada ya saa sita simu ya Adventina ililia, naye aliacha cherehani, aliacha mteja akiwa amenyoosha mikono apimwe, aliacha usingizi. Alivitia kwenye kiganja cha mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Usiku Kahigwa alimezea kitandani. Mchana alisema, "Nitamezea jiweni, penye upepo," akachukua na kikombe cha maji.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa, moja ya yale mawe ambayo Mwanza nzima imepandishwa juu yake, na ukikaa pale unaona ziwa kuanzia kwenye reli hadi mbali. Chenge alikuwa anamsubiri hapo. Adventina akiwa dirishani aliwaona wamekaa bega kwa bega, akasikia kitu kikikatika, akaona kila mmoja anapeleka mkono mdomoni. Aliwaza kwamba ni buni zao. Alifurahi hata kuwaona hivyo, kwa sababu mwanamume mgonjwa hapendi kusimamiwa akimeza dawa kama mtoto, na alirudi kwenye cherehani moyo umetulia.

Kwa muda Kahigwa alionekana ana nafuu. Mkono wa kushoto uliweza kumfungia Noela, binti yao wa darasa la tatu, kamba za viatu. Adventina aliimba akishona. Halafu mkono ukaanza kuangusha vitu tena.

Daktari Antoni aliwaita kwa picha nyingine. Kahigwa alipochukuliwa na Sabina kutolewa damu, daktari akageuza kioo cha kompyuta upande wa Adventina. Seli zile, alisema, zilipakwa vumbi la chuma kabla ya kupandikizwa ili zionekane pichani. Akamwonyesha madoa meusi kuuzunguka uvimbe, mengine yametambaa mbali yakifuata vijitawi, kama walivyotarajia. Zilifika, alisema. Zilifanya kazi yake yote. Lakini uvimbe ulikuwa umekua, na damu aliyotolewa wiki zile inaonyesha dawa ilikuwa kidogo sana mwilini.

"Alikuwa anatapika?"

"Hatapiki."

"Kuna siku mlisahau?"

"Daktari, nimempa kwa mkono wangu huu. Hakuna nilichosahau."

Daktari alikigeuza kioo kikarudi upande wake. Hakuwa mtu mbaya, lakini namna alivyokigeuza ilisema kwamba kati yao wawili kuna mmoja aliyekosea, na Adventina aliielewa. Alirudi Igogo na mumewe. Alikuwa anaona aibu ya kosa ambalo hakulijua, na aibu ya namna hiyo inachoma zaidi ya ile unayoijua asili yake.

Evelina alikuwa uani anaosha vyombo. Adventina alimwambia kwamba picha haikutoka vizuri, dawa haikumtosha.

Evelina akaacha sufuria. "Mimi nilisema. Nilimwambia mume wangu, nusu itamtosha kweli mwenzio? Akaniambia baba Noela mwenyewe kataka, wakila ni nusu kwa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya vidonge, mama Noela." Kisha akamtazama usoni, na yeye mwenyewe akaanza kuogopa. "Si ulikuwa unajua? Mimi nimekuwa nakushukuru moyoni kila siku."

Adventina alimpita. Akapanda jiweni alikokuwa mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu binti yao azaliwe alizungumza naye bila kumwita baba Noela.

"Ulimuuliza daktari mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Akasema atakojoa tu."

Kahigwa hakukataa. "Nakumbuka."

"Basi ulikuwa unamkojoza Chenge kwa uhai wako?"

"Siku ya kwanza nilikaa hapa nikameza, yeye ananiangalia. Hakuomba kwa mdomo. Alifungua kiganja tu, hivi." Alifungua cha kulia, kwa kuwa cha kushoto hakikufunguka tena. "Ningemwambia nini? Kwamba hii ni yangu peke yangu, wewe kaa unitazame nikipona?"

"Ungemwambia ukweli."

"Ukweli ni kwamba yeye hana seli wala hatapewa. Maneno hayo unamwambiaje mtu na wewe mdomo umejaa dawa?"

"Na Noela je? Yeye hukumwona amefungua kiganja?"

Hapo Kahigwa alilia. Alilia kwa jicho moja, kwa sababu upande wa pili wa uso ulikuwa umeanza kumwacha. Alisema alidhani nusu ingemtosha. Alipiga hesabu yake. Maisha yake yote ya kazi hajawahi kutoa kipimo bila kuacha akiba: udongo ukihitaji kimo hiki, yeye huandika na zaidi kidogo, maana fundi ataiba na mvua itakula. Aliamini kwamba na waliopanga vidonge wameacha akiba. Hakuna mtaalamu mwenye akili asiyeacha akiba, alisema, na alipolisema hilo sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayesubiri kuambiwa kuwa hakukosea.

Adventina alitamani kumpiga na alitamani kumpakata. Akamshika mkono ule uliokufa.

"Chenge asijue," alisema Kahigwa. "Nimempa kitu kimoja tu, na ndicho hicho. Usimnyang'anye."

Hakuitikia. Mumewe akauchukua ukimya wake kuwa ndiyo.

Alirudi kwa daktari peke yake, akamweleza yote, akaomba seli nyingine. Daktari Antoni aliinamisha kichwa kwenye mikono yake. Seli zile zililetwa zimegandishwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja; hakukuwa na nyingine. Hata kama zingekuwepo, uvimbe ulikuwa umekwisha vuka mahali pa kurudisha nyuma. Alichukua vidonge vilivyobaki, kwa kuwa utaratibu ulimtaka avichukue. Njia nzima ya kurudi Adventina alikuwa anawaza kitu kimoja kisichomtoka: kumfariji Chenge kusingehitaji dawa. Kipande cha chaki kingetosha. Buni ingetosha.

Chenge aliambiwa kwamba dozi imekwisha. Naye alimaliza awamu ya kwanza ya mionzi, akarudi kwake, akawa anakuja kliniki tu na kupita Igogo kumwona ndugu yake. Kadiri Kahigwa alivyoporomoka, Chenge aliinuka. Mionzi ilikuwa imemkubali vizuri. Daktari alisema akiendelea na awamu zilizobaki uvimbe wake wa polepole ungeweza kumwachia miaka. Yeye mwenyewe hakuisifu mionzi hata siku moja. Alisifu nusu zake.

Kahigwa alipoteza maneno, kisha akapoteza kumeza. Alikufa mvua za vuli zikiwa zimeanza, Noela akiwa shuleni.

Walimsafirisha kumzika Kamachumu. Zamani maiti ilipanga foleni ya kivuko na malori ya mizigo; safari hii gari lilipita juu ya daraja, na dereva, kwa kuambiwa, alipunguza mwendo walipofika kwenye kile kipande cha barabara. Adventina alitazama ukingo wa lami ulivyonyooka. Aliwaza kwamba pale kuna akiba ya mumewe chini ya udongo, kubwa kuliko iliyohitajika, na kwamba gari zitapita juu yake Noela akiwa bibi. Hakulia hapo. Alikasirika.

Chenge alikuwepo msibani tangu mwanzo. Alisaidia kuchimba kaburi kwenye migomba, alikaa mahali wanapokaa ndugu wa marehemu, na hakuna aliyemwondoa. Wasemaji walipoitwa, alisimama na kuwaambia watu jinsi Kahigwa alivyokuwa anaumwa kifo huku anakata kidonge chake, nusu yake, nusu ya Chenge wa watu kutoka Usukumani. "Mimi nimesimama hapa kwa sababu ya nusu ile," alisema. Wazee waliitikia kwa kuridhika. Walisema kwamba kunywana kwa zamani bado kupo. Adventina, amekaa kwenye nyasi zilizotandikwa kwa wanawake, aliuma kanga.

Angenyamaza. Ninamtetea katika hilo: angenyamaza mpaka kaburini kwake mwenyewe. Lakini siku ya kuondoka Chenge alimfuata nyuma ya jiko, akasimama kwa heshima hatua chache, kofia mkononi.

"Shemeji, samahani kwa kuuliza siku kama hizi. Vile vidonge. Kama kuna vilivyobaki, marehemu asingekataa."

Na akafungua kiganja.

Ndipo Adventina akamwambia. Alimwambia habari ya mtama na juisi. Alimwambia kwamba yeye kichwani mwake hakuna kitu cha kuchachusha, hivyo kila nusu aliyomeza ilitoka na mkojo wake. Alimwambia kwamba seli za mumewe zilifika mpaka kwenye uvimbe na zikafa zinasubiri, kwa kuwa kilichokuwa kiende kwao kilikuwa kinaliwa jiweni. Hakupaza sauti. Kila neno alilipanga kama pini kwenye kitambaa, na kwa muda ule mfupi aliona raha. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko maneno yenyewe, kwamba aliona raha.

Chenge alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye alijua?"

"Alijua."

"Alijua, na mimi nikawa napokea." Alitazama kiganja chake, akakifunga. "Kumbe nimemla."

Akavaa kofia, akaaga wazee mmoja mmoja, akaondoka.

Adventina alirudi Igogo kwenye cherehani yake. Siku zilipopita aliambiwa na Sabina kwamba Chenge ameacha kuja kwenye mionzi. Alipiga simu; Evelina alisema mumewe hataki. Adventina alisema atampigia tena, na kila alipoishika simu alijiambia ngoja kwanza nimalizie upindo huu. Hatimaye simu ikaja kutoka kule. Chenge amekufa.

Alikwenda siku ya pili ya msiba, kupitia Kisesa na kuingia ndani kwa pikipiki. Watu walikuwa wengi na ng'ombe walikuwa wanalia zizini bila mtu wa kuwatoa. Evelina alimkumbatia, akamchukua pembeni kwenye kivuli cha ghala, akamkalisha kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Mbele yao kulikuwa na sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Hakushika kichwa hata mara moja," alisema Evelina. "Alishika tumbo. Tangu aliporudi kutoka kwenu alisema tumbo limejaa, chakula hakiteremki. Nikamwambia twende hospitali, akasema hospitali hawana dawa ya buni."

Adventina aliangalia viazi.

"Wewe ni Mhaya, mama Noela, haya mambo ni yenu. Niambie. Ile buni inavimba kweli?"

"Haivimbi," alisema Adventina. "Ilikuwa kahawa tu. Walikuwa wanataniana."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Nikamwambia hukumla mtu, alikupa kwa hiari yake, mwenyewe nimeona." Evelina alichukua kiazi, akakimenya polepole. "Sasa nani alimtia maneno yale? Alikwenda kule mzima, anakula. Nani alimwambia kwamba amemuua ndugu yake?"

Palikuwa na majibu mengi ya kutoa. Palikuwa na wazee wa Kamachumu wa kusingizia, palikuwa na pombe ya msibani, na Evelina angeyapokea yote, kwa vile si mwanamke wa kudadisi. Adventina alimfikiria Kahigwa juu ya jiwe, uso umemlegea upande mmoja, akiomba kitu kimoja tu. Alikilipia kwa uhai wake, kwa ujinga wake na wema wake, na mkewe alikivunja nyuma ya jiko kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Evelina alikivunja kiazi katikati, kama desturi, akamnyooshea nusu iliyo kubwa.

"Ni mimi," alisema Adventina. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Ng'ombe waliendelea kulia. Evelina hakuurudisha mkono. Uliendelea kunyooka kati yao na nusu ile ya kiazi, na Adventina hakujua kama bado anapewa, au kama mwenzake amesahau tu kwamba ameshika kitu.